Nguzo za Kimo Kimoja

Umeme umerudi saa nne kasoro.
Juu ya duka la mbolea, Mbale, karibu na stendi,
feni inakohoa, kompyuta inaamka,
na mimi, Mugide, karani wa takwimu za kahawa,
naiambia mashine: panga.

Sitaki nguzo za bega kwa bega.
Nataka rangi ikalie rangi,
kama mablanketi kabatini mwa shangazi:
chini kahawia, buni ya daraja la kwanza;
katikati manjano, ya daraja la pili;
juu kijivu, pepeta,
zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu.

Halafu neno moja kwenye msimbo,
asilimia,
na nguzo zote zinajinyoosha ghafla
kama wanafunzi waliosikia filimbi.
Mia. Mia. Mia. Mia.
Dari moja, hakuna mfupi.

Nikaegemea kiti, nikajipongeza kimoyomoyo.

Ndipo Nabifo akapanda ngazi,
mweka hazina wa akina mama wa Bududa,
tope jekundu limemganda kwenye buti.
Akaweka kidole juu ya kioo.
"Hii ya tatu ndiyo sisi?"
Ndiyo, mama.
"Na ile ya sita, Sironko?"
Ndiyo.
"Basi sisi na Sironko tuko sawa."

Magunia kumi na moja. Niliyapokea kwa mikono yangu
msimu ule mlima uliposhuka na nusu ya mashamba:
pikipiki mbili, safari tatu,
na ya mwisho ilibeba gunia moja, limefungwa kwa kanga.
Sironko walileta lori,
likarudi,
likaleta tena.

Nikaanza kujitetea: Mama, huu haupimi wingi,
unapima mgawo. Katika kila mia, ngapi ni safi.
Tazama kahawia yenu ilivyopanda,
themanini na mbili!
Magunia tisa katika kumi na moja.
Hakuna kundi lililochambua kama ninyi.

Alikaa kimya. Kisha akacheka
kwa upande mmoja wa mdomo.
"Kumbe kwa mia tumewashinda.
Ila mwalimu mkuu, mwanangu, hapokei mia.
Anapokea shilingi, na shilingi inatoka kwenye kilo."

Nikarudi kwenye msimbo. Mstari mmoja tu,
namba ndogo juu ya kila nguzo:
magunia mia tisa na nne,
magunia mia sita,
magunia kumi na moja.
Nguzo haikupungua hata unywele.
Ilisimama vilevile, ndefu, na namba yake kichwani
kama mtu mzima aliyevaa kofia ya mtoto.

"Chapisha zote mbili," akasema.
Printa ikalia, ikameza karatasi, ikazitema.
Akazikunja, kila moja mfuko wake.

"Yenye namba naibandika ghalani,
tusije tukajidanganya.
Hii isiyo na namba," akapigapiga mfuko wa kushoto,
"hii ni ya benki."