Neno la Senti Sitini

Boksi la baba lilikuwa chini ya kitanda, Igogo,
linanuka mende na gundi ya unga.
Ndani, daftari la hesabu. Kila ukurasa
umebandikwa vitu viwili:
kulia, nakala ya kaboni ya telegramu aliyoipeleka posta;
kushoto, kipande cha gazeti kilichotokana nayo.
Hakuandika popote kwa nini aliviweka hivyo.

"Na Mwandishi Wetu, Mwanza."
Huyo ndiye yeye.
Kazimili Lusangija halimo, hata kwa bahati mbaya.

Nimezihesabu dhifa. Thelathini na nane
kwa miaka sita.
Dhifa ya kumpokea meneja wa pamba,
dhifa ya kumuaga meneja huyo huyo,
dhifa fupi (dhifa fupi ikoje, baba?),
dhifa iliyofana, dhifa iliyofana sana,
dhifa iliyohudhuriwa pia na wake zao.
Hakuna mahali palipotajwa walikula nini.
Neno lenyewe lilikuwa limekwisha shiba.

Wala si kwamba alipenda makuu.
Telegramu ililipiwa kwa neno,
na karani, penseli sikioni, aliyadonoa maneno
kama kuku anayedonoa mtama.
"Chakula cha jioni cha heshima":
maneno matano, shilingi tatu.
"Dhifa": senti sitini.
Gazeti lilimpa fungu moja kwa mwezi;
alichobana kwenye lugha
kilituletea dagaa.

Yeye alisimama mlangoni na kidaftari,
ananusa pilau, anaandika "hotuba",
kisha anarudi Igogo kwa miguu.
Mama anafunua sufuria: furu wanne, mlenda.
"Karibu dhifani, Mwandishi Wetu."
Sisi watoto tulidhani dhifa
ni jina jingine la furu.

Nikalitafuta neno la pili: njaa.
Kulia lipo, mara saba, kaboni imekolea.
Kushoto limevalishwa suti:
"upungufu wa muda wa chakula".
Maneno matano.
Mhariri kule Dar es Salaam
hakuwa analipia.

Halafu ukurasa huu.
Masika, tuta la reli limesombwa,
treni imekwama Fela siku mbili.
Baba alikwenda kwa baiskeli ya kuazima
akakuta wenyeji wamewahi:
Nkwimba, Holo, bibi mmoja aitwaye Minza,
na wengine ambao kaboni imewafuta.
Matobolwa kwenye ungo. Michembe na karanga.
Nsansa, chungu kizima, na kata moja tu ya kupakulia.
Watu wamekaa juu ya mataruma, wanakula kwa zamu,
na mtoto wa abiria amelala
mgongoni kwa mtu asiyemjua.
Haya yote aliyaandika kwa penseli, nyuma ya karatasi;
hakuwa na fedha za kuyatuma.
Alichotuma ni hiki:

WANAWAKE FELA WAANDALIA ABIRIA DHIFA

Gazeti likatoka baada ya siku nne.
Safu ya tatu, chini ya tangazo la sabuni:
"Abiria waliokwama wapewa chakula."

Nimekaa sakafuni na hizo karatasi mbili.
Waandalia. Wapewa.
Dhifa thelathini na nane walimkubalia
bila hata kuuliza;
ya thelathini na tisa, ile pekee
ambayo mwandishi alijua kilichopikwa,
wakaona amekosea neno.

Lakini telegramu ilikuwa na mstari wa pili.
Kushoto haupo, kulia upo:

MWANDISHI WETU NAYE ALIKARIBISHWA AKALA

Nikahesabu kwa kidole, kama karani.
Matano. Shilingi tatu nyingine,
kwa habari ambayo alijua wataikata.

Naikumbuka jioni ile.
Alirudi na matope hadi magotini, anaimba kwa pua.
Tulikula ugali kwa chumvi,
na mama hakumtania.