Ukungu wa Ndani

Waliosema maji yakimwagika hayazoleki
hawakuwahi kukaa Todmorden, mtaa wa chini,
nyumba ya tatu kutoka mtoni.
Sisi tuliyazoa.
Kwa ndoo, kwa sufuria ya pilau, kwa kizoleo cha taka,
Shekue na mimi, na Doreen wa jirani
aliyekuja na mabuti ya marehemu mumewe.
Tukayarudisha barabarani. Yakarudi.
Siku ya tatu mto ukakumbuka njia yake,
ukaondoka bila kuaga,
ukaacha tope laini kama uji wa mgonjwa
na mstari wa kahawia ukutani, ulionyooka
kuliko mstari wowote aliopiga fundi wa nyumba hii.

Tulidhani yameisha.

Wiki ya pili, nyuma ya kabati,
nukta moja. Kisha tatu. Kisha
kama mtu amepuliza masizi kwa mrija.
Harufu ilikuja kabla macho hayajaamini:
ya gunia, ya kiatu kilichosahauliwa,
ya mbao inayowaza kurudi udongoni.

Cheti chetu cha ndoa kilikuwa droo ya chini.
Jina langu limebaki. La Shekue limekuwa wingu.
"Basi niko huru," akasema.
Nikamwambia: kabla hujaondoka, sogeza kabati.

Bwana Ackroyd wa ofisi ya nyumba
alikuja na kifaa chenye meno mawili,
akauma ukuta hapa, akauma pale,
akasoma namba, akaguna.
Hakuutaja mto.
Alitazama sufuria, nguo kwenye kamba, godoro la Tunu,
akasema tatizo ni mvuke:
mnapika, mnafua, mnapumua.
Fungueni madirisha. Nyumba lazima ipumue.
Ilikuwa Februari, theluji imelala kwenye kingo ya dirisha.
Nikajiuliza: ipumue yenyewe, sisi tuache?

Lugha yangu imetia vitu viwili kwenye neno moja.
Ukungu ule unaoshuka asubuhi kutoka vilimani,
ukafuta kanisa, ukafuta bomba la moshi la kiwanda cha zamani,
na ukungu huu unaoota nyuma ya kitanda cha mtoto.
Nilidhani ni uvivu wa lugha.
Sasa nasikia kifua cha Tunu saa nane za usiku
kikipiga filimbi nyembamba,
naitafuta pampu yake ya bluu gizani kwa vidole,
na naona waliotaja walijua walichotaja:
ni kitu kilekile,
ila huu umejifunza kufungua mlango.

"Usipake rangi juu yake," alisema Doreen.
"Utakuwa umemfunika maiti kwa shuka, basi."
Akaniazima mashine ya kukausha hewa,
nzito kama mbuzi, inayonguruma kama mwenye deni.
Jikoni kwake, kwenye fremu ya mlango,
kuna alama za penseli, na miaka ubavuni.
Nikadhani ni vimo vya watoto.
Ni vimo vya maji.
Watoto wako upande wa pili wa fremu,
wawili tu, na wote wamehamia Leeds.

Tunu akasimama pale bila kuambiwa, mgongo wima.
Ameyazidi mafuriko yetu kwa vidole vinne.
Doreen akatafuta penseli, hakuipata,
akamkwaruzia kwa ufunguo.

Kila asubuhi namwaga ndoo ya mashine.
Lita tatu, wakati mwingine nne,
maji maangavu, yenye sura ya kutojua lolote.
Sehemu yake ni mto.
Sehemu yake, nakubali, ni sisi:
Shekue akikoroma, chai ikichemka,
Tunu usiku ule alipovuta na kuvuta.
Nayamwaga sinkini. Nasikia yakishuka.

Jumanne wanakuja kubandua plasta
mpaka usawa wa kifua.
Kabati bado liko palepale.