Skrubu ya Gobori

Newala, nyuma ya mashine ya kusaga,
Chilumba kalilaza gobori juu ya gunia.
Mtutu mtupu: kauchungulia mara mbili.
Skrubu ya mtambo imegoma tangu Jumatatu.
Kailoweka mafuta ya taa usiku kucha, wapi.
Kaigonga taratibu, kama abishaye hodi ukweni,
wapi.

Leo msumari wa moto kichwani mwake.
Moshi.
Harufu ya maganda ya korosho.

"Hii si kutu, mama. Hii imegundishwa."

Binti Namkaa akatazama kucha zake.
"Marehemu. Baada ya yule mtoto wetu…"

Bisibisi imeshika. Robo mzunguko tu.
"Niache?"

"Nguruwe wamemaliza mihogo," akasema.
"Fungua."

Skrubu ikalia kidogo,
ikafuata mkono.