Kila Siku Ielezwe

Kanuni za Mahakama ya Rufani nimezichapisha kwa Likwena,
shilingi mia mbili ukurasa. Nilimudu kurasa ishirini na sita.
Zilizobaki nilizisoma palepale kwenye kioo, nimesimama,
naye akijifanya ameshikwa na hesabu za vocha.
Nje ukungu wa Newala ulikuwa umeshuka
hadi kwenye vibao vya maduka.

Nimezifunga kwa uzi wa gunia la korosho.
Kimombo kitupu.
Kamusi ninayo, ya shule, imechanika toka S kwenda mbele;
neno la kulazimisha lilikuwa upande uliokwenda,
nimebakiwa na neno la hiari.
Herufi tatu tu, liko kila kifungu.
Kamusi inasema: weza; huenda; mwezi wa tano.
Nikacheka peke yangu, saa nane usiku:
Mahakama mwezi wa tano,
ikionyeshwa sababu ya kutosha,
kuongeza muda.

Mwezi wa tano huku ni salfa.
Baba alijifunga kitambaa puani, akapita mti hadi mti,
mikorosho thelathini na minne,
ileile ambayo Jaji alisema si yake.

Alikuwa na siku thelathini za kusema hakuridhika.
Alisema jioni ileile ya hukumu,
lakini alisema jikoni, kwangu,
na jiko langu halina muhuri wa masjala.

Sasa naomba muda uliokwisha kupita.
Na aliyechelewa, nimesoma, sharti aeleze kila siku,
hata moja isiachwe.

*Mimi, Somoe binti Nandonde, mtu mzima, mkazi wa Newala,
naapa na kueleza kama ifuatavyo:*
kwamba nakala ya hukumu niliifuata Mtwara mara tatu,
na mara mbili karani alikuwa msibani;
kwamba baba alilazwa Ndanda kwa mguu,
siku kumi na moja, kadi ya wodi naiambatisha;
kwamba nauli ilingoja mnada wa pili,
na mnada wa pili ulingoja wanunuzi,
na wanunuzi sijui walingoja nini,
hilo silo la kuapia;
kwamba daraja, kwamba Ijumaa Kuu, kwamba

Jumanne, tarehe kumi na tisa.

Jumanne sikuumwa. Mvua haikunyesha.
Ofisi zote zilikuwa wazi, na nauli nilikuwa nayo,
nimeifunga kwenye pindo la kanga.
Nilitoka nyumbani kwenda stendi, miguu ikapita stendi,
ikanifikisha Shimo la Mungu, pale nchi inapokatika,
nikakaa ukingoni nikitazama bonde
na ule utepe mwembamba wa Ruvuma,
toka asubuhi mpaka baridi iliponifukuza.
Sikulia. Sikuwaza kesi.
Ningesema niliomba dua, lakini sikuomba.

Likwena anasema, "Andika homa. Nani atakuuliza?"
Ni mwema Likwena, hata wino hakunitoza.
Lakini mkono ukishaapa juu ya karatasi
hauwi tena mkono wa kuombea chumvi kwa jirani.

Nimeacha mstari mmoja mweupe.
Taa imebakiza chaji kidogo.
Kurasa ishirini na sita nimezipitia tena, kidole juu ya kidole,
natafuta mahali wanapotaja mtu kuchoka.
Sijui hata wao wanaliandikaje.
Kama limo, basi limo upande uliochanika.