Mstari wa Mawese

"Chanzo cha hasara," fomu inauliza,
na nafasi iliyoniachia ni ya vidole vitatu.

Niandike nini, Bwana Kashindye,
wewe uliyepanda treni kutoka Tabora kuja kunikadiria,
na viatu umevivua mlangoni
kana kwamba humu bado kuna zulia?

Hayakuingilia mlangoni. Mlango nilishauziba
kwa viroba vya mchanga na khanga mbili kuukuu.
Yalipandia sakafuni,
penye ule ufa ambao marehemu aliapa
ataufunga Idi ikipita.
Saa tisa usiku nikashusha mguu kitandani,
nikaikanyaga Katubuka nzima.

Hakukuwa na kelele. Hilo nalo liandike.
Sufuria zilitoka jikoni mojamoja
kama wageni wanaoaga,
na madumu yangu ya mawese, sita, ya mkopo
(mkopo huohuo ulionilazimisha kukata bima),
yakalala ubavu, vifuniko vikaachia.

Mafuta hayazami.
Yalipanda na maji, maji yakatulia, nayo yakatulia.
Siku ya kumi na moja maji yaliposhuka
yakaacha mstari mwekundu ukutani,
chumba hadi chumba, pasipo kuruka kona,
mnyoofu kuliko kamba ya fundi yeyote wa Gungu.

Umeupima: sentimita tisini na sita.
Umempiga picha mjukuu wangu Kiza
akiwa ameubandikia mgongo, ili ofisini waone kimo.
Mstari ulimpita utosi kwa vidole viwili.
Alicheka. Alidhani ni picha ya shule.

Mama Bukuru wa jirani ananinong'oneza:
"Sema bomba! Bima inalijua bomba.
Mafuriko hayamo, soma kipengele cha tisa."
Na kweli bomba la jikoni lilipasuka,
ila lilipasukia ndani ya maji,
kama mtu kukojoa ziwani:
nani atakuonyesha yake ni yapi?
Maji ya mamlaka yana bili. Yale mengine hayana.
Usiku ule hayakutengana.

Basi nikaandika "maji",
nikarudisha kalamu.

Fundi Feruzi alisema tusubiri.
Ukuta, alisema, haukaushwi kwa hasira.
Akabisha hodi kila Jumamosi kuugonga kwa kidole,
akasikiliza, akatikisa kichwa, akanywa chai, akaondoka.
Chumvi ikachanua kwenye matofali, nyeupe, laini.
Tulilala juu ya meza.
Hati ya nyumba, cheti cha ndoa na stakabadhi
nilizianika kwa vibanio kamba moja na nguo za mtoto.
Hati ilipona. Cheti kilibaki na jina langu tu.
Stakabadhi za madumu zilikauka zikawa karatasi tupu,
na karatasi tupu, wamesema, hailipiwi.

Miezi kumi na minne.
Barua ina mhuri na pole.
Wamekubali bomba, mita nne.
Wamekubali plasta ya jikoni na mlango mmoja, wa nyuma.
Mawese: "hayakuthibitishwa".
Na ule ufa wameuita uchakavu,
wamenikata nao asilimia kumi na tano.
Mume wangu, Idi zimepita ngapi?

Za plasta ya sebule hazikutosha, tukapaka rangi tu.
Mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu.
Jua la saa nane likapiga bati,
na mstari ukajitokeza polepole, mwekundu uleule,
ukazunguka sebule yote
kama mwenye nyumba anayekagua milango.
Feruzi akatazama, akakunja brashi zake, akacheka.
Hakudai hela ya mkono wa tatu.

Jana Kiza kajisimamisha hapo mwenyewe, mgongo ukutani.
Mstari sasa unamgusa kipaji cha uso.
Panda treni, Bwana Kashindye,
uje na ile kamera yako, umpige nyingine,
ukawaambie ofisini
kwamba maji yameshuka.