Mkilua wa Bi Kaije

Alinipa ndani ya kopo la maziwa ya unga,
ukingo umeliwa na kutu, chini tundu mbili za msumari.
"Mkilua," akasema, akaenda zake kutia udhu.
Hakunambia jua kiasi gani, maji kiasi gani,
wala kwamba mti wenyewe una kisirani.

Nilikuwa biarusi wa wiki tatu hapa Limbani, Wete,
piko bado halijafutika miguuni,
na nilitaka kuonekana.
Nikaupanda mbele, ubavuni mwa ukuta,
pale kila apitaye hutoa salamu,
pale jua la saa saba halioni haya kwa bati wala kwa mtu.
Majani yakaungua ncha, yakawa rangi ya mkeka mkuukuu.
Nikaongeza maji.
Nikaongeza samadi ya kuku, mbichi, bado inafuka.
Ukazidi kununa.

Mkwe akipita hatazami.
Siku moja tu, akimtafuta mtetea wake
anayetaga nyua za watu,
alisema kama anamwambia yule kuku:
"Kuna vitu havipendi kukodolewa macho."

Nikauhamisha usiku, mwizi wa mali yangu mwenyewe,
nyuma ya jiko, chini ya mfenesi,
penye majani yaliyooza na maji ya kuoshea mchele.
Mwaka.
Mwaka wa pili, jani moja jipya,
linang'aa kama limepakwa mafuta ya nazi.
Mwaka wa tatu mbuzi wa Shaame Ngwali akakata kamba,
akaacha shina tu, urefu wa kidole.
Nililia. Siku mkufu wangu ulipopotea sikulia vile.
Shaame akaja na pishi ya mchele kuomba radhi;
wali tukaula, maji yake nikaupa mti.

Masika haya, mwaka wa saba,
nimechuchumaa nakwangua ukoko,
pua ikanipasha habari kabla ya macho.
Nikatafuta juu, nikatafuta ubavuni,
nikapiga magoti kwenye tope na kanga yangu njema.
Kumbe kilua huning'inia chini ya tawi,
kimeinamia udongo, manjano, kinene,
kimewapa mgongo wapita njia wote.

Nikamkimbilia Bi Kaije nacho kiganjani.
Tangu homa ile ya mwaka juzi
pua yake imefungwa: haijui karafuu zikianikwa,
haijui hata wali ukiungua.
Akakisogeza, akavuta pumzi, akangoja
kama mtu anayebisha hodi
kwenye nyumba anayojua wenyewe wamehama.
"Niambie," akasema.

Mimi, niliyekaa naye miaka saba
kwa shikamoo na kuazimana chumvi,
nikaanza kutafuta maneno.
Nikasema: ndizi mbivu, lakini si ya kuliwa.
Akatikisa kichwa.
Nikasema: ganda la chungwa likimenywa gizani.
"Unakaribia."
Nikasema: sanduku la mbao, nguo za Idi zimo ndani,
mtu amelifungua chumba cha pili,
nawe hujui kama unaitwa
au unafichwa.

Kimya. Nje mtetea alitangaza yai, uani kwa nani sijui.
"Hiyo," akasema. "Hiyo hasa."
Akaagiza uzi, tawi la mrehani, asumini mbili,
vidole vikafunga kikuba vyenyewe, yeye akitazama dirishani,
akanichomekea nyweleni, kwa nguvu kidogo.
"Haya. Nukia na fungu langu."

Jioni Raya wa jirani, anayeolewa mfungo tatu,
alisimama mlangoni, pua juu, akaniomba mche.
Nikamwambia asubiri mbegu.
Kopo ninalo, lile lile, nimelitoboa upya.
Kuhusu jua,
bado sijaamua kama nitamwambia.