Samawati Namba Kumi na Moja

Mimi ndiye niliyeshika funguo za kabati la sufu,
mimi na daftari langu, na mizani ya kupimia barua
niliyorithi kwa shangazi pamoja na hasira zake.
Kila Jumanne ya majira ya baridi, huku Cornwall,
tulizunguka hita ya mafuta ya taa katika ukumbi wa parokia,
wanawake kumi na watatu, na Denzil,
aliyekuja kumsukuma mkewe kwenye kiti cha magurudumu
akabaki kwa ajili ya keki ya zafarani.

Matakia sitini na mawili ya kupigia magoti:
ndivyo kasisi alivyotangaza, kana kwamba anaagiza mkate.
Takia moja, mishono elfu kumi na nne.
Nilipiga hesabu kitandani, usingizi ukaniruka.

Kanuni nilizitunga mwenyewe.
Ukingo mwekundu. Sufu ya kiwanda kimoja tu.
Mshono uinamie kulia, kama mvua yetu itokayo baharini.
Na upande wa nyuma uwe nadhifu,
ingawa upande wa nyuma hakuna auonaye
ila Mungu na nondo.

Loveday hakutaka njiwa wala mwanakondoo.
Alichagua mgodi: jumba la mtambo lililobomoka,
bomba lake la moshi, na juu yake anga,
anga tupu, pana, lililolamba samawati namba kumi na moja
kama ng'ombe alambavyo chumvi.
Nikamwambia mbele ya wote, vikombe vya chai mkononi:
"Loveday, unafuja. Wengine nao wana mbingu zao."
Hakujibu. Alilowesha ncha ya uzi kwa ulimi,
akaupitisha kwenye tundu la sindano.

Februari tukamzika.

Jumanne iliyofuata Denzil aliingia bila kiti,
takia kwapani.
Miaka ishirini na sita alitambaa chini ya ardhi
akiufuata mshipa wa bati kwa magoti,
na sasa magoti yale hayakunjiki, yanalia kama bawaba.
Akaniomba namba kumi na moja.
Kiwanda kilikuwa kimefungwa tangu Krismasi.
Nikafungua kabati nimwonyeshe.
Sijui kwa nini nilitaka aone kwa macho yake.

Akarudi na sweta lake la mgodini, la kijivu,
akalifumua palepale, mkono wa kushoto kwanza.
Uzi ukatoka umejikunjakunja, haujasahau kiwiko.
Tamsin Rosewarne akaukingia viganja viwili
kama mtu anayepimwa pingu.
Hakuna aliyenitazama. Ndivyo nilivyojua
kwamba wote wananingoja.

Alishona hadi Pasaka, vidole vinene kama karoti,
mishono yote ikiinamia kushoto,
kinyume cha mvua.
Basi anga la mgodi ule lina pande mbili:
samawati mpaka kwenye bomba la moshi,
halafu kijivu.
Wageni hudhani ni dhoruba inakuja.
Siwasahihishi.

Daftarini niliandika: Namba 42. Limekubaliwa.
Nikalifunga upesi, wino haujakauka,
na ukurasa wa pili ukabaki na kivuli cha neno hilo, kinyumenyume.

Siku ya kuyabariki, kanisa zima lilishuka magotini
kwa kishindo laini ambacho hatujawahi kukisikia,
kama theluji inayoporomoka paani.
Denzil peke yake alibaki amekaa wima,
takia lake likining'inia kwenye ndoano mbele yake,
akalipigapiga kidogo, kama ubavu wa farasi.

Siku hizi hata yeye hayupo.
Jumapili nafika kabla ya kengele
nisije nikapokonywa benchi la nne, upande wa kaskazini.
Nalishusha namba arobaini na mbili.
Goti moja kwenye mgodi, goti moja kwenye kijivu.
Samawati naiacha wazi.
Nilishaipima vya kutosha.